Mshiko wa diski, kiwiko changu na fremu 240 kwa sekunde

Ukitaja neno "diski" mbele ya watu wa tarakilishi, wote wanafikiria kile kifaa cha kuhifadhia data. Leo naomba mkisahau. Diski ninayoizungumzia hapa ni ya plastiki, ni ya kurusha, ina upana wa sentimita 21 hivi na uzito wa gramu 175 hivi, na kazi yake ni kuruka angani mpaka itue ndani ya kikapu cha minyororo. Mchezo wenyewe unaitwa gofu ya diski. Hesabu ni ile ile ya gofu: anayemaliza vikapu vyote kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Tofauti ni kwamba hakuna fimbo za bei ya pikipiki, wala hakuna askari langoni anayekuuliza kadi ya uanachama.

Sitaki kuzungumzia mchezo mzima. Nataka kuzungumzia jambo moja tu: vidole vinakaa wapi. Najua linasikika dogo, lakini vumilieni. Kuna fizikia, kuna kamera, kuna skripti, na kuna kiwiko changu ambacho nusura kinikoseshe kodi ya nyumba.

Mimi niliufahamu mchezo huu nikiwa Minnesota, ambako nilifanya kazi miaka kadhaa. Ukiwa na ndugu Marekani, yamkini mmoja yuko Minnesota; Wakenya ni wengi huko hadi ukitaka sukuma wiki hupati taabu. Viwanja vya gofu ya diski navyo ni vingi. Nilianzia Bryant Lake, kule Eden Prairie, baadaye nikapelekwa Blue Ribbon Pines, East Bethel, ambako misonobari imesimama pande zote mbili kama foleni ya kupiga kura, na diski isipotoka mkononi vizuri unasikia "ko!" kabla hujamaliza kugeuka.

Historia kwa ufupi, kwa wale wanaopenda kujua nani alianzisha nini. Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Wham-O, ndiye aliyepata hataza ya Frisbee ya kisasa mwaka 1967. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge, California. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA, na 1977 akapata hataza ya kile kikapu cha minyororo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya diski, kama alivyotaka mwenyewe. (Sijui nyinyi, mimi nitazikwa kawaida.)

Lakini kwa habari ya mshiko, mtu muhimu zaidi ni Dave Dunipace wa kampuni ya Innova. Mwaka 1983 walitoa diski iliyoitwa Eagle, yenye ukingo uliochongwa mwembamba kwa nje, kama bawa la ndege. Frisbee ya watoto ina ukingo wa mviringo na unaweza kuishika vyovyote upendavyo. Diski yenye ukingo mkali inakata hewa na kwenda mbali, ila inadai. Ukiishika ovyo, pua inainuka, inapanda juu kama tiara, inasimama, halafu inaanguka kushoto. Tangu hapo kingo zimezidi kupanuka. Leo sheria za PDGA zinaruhusu ukingo wa hadi sentimita 2.6, na diski maarufu ya Destroyer ina sentimita 2.2. Pima sentimita 2.2 kwenye rula, kisha jaribu kukunja vidole vyako kuzunguka upana huo na bado ncha zake zifike kwenye ukuta wa ndani. Mwenye vidole vifupi ataniambia.

Haya, tuje kwenye kiwiko.

Mimi ni mwandishi wa programu wa kujitegemea. Hakuna mwajiri wa kunilipa nikiwa kitandani. Nikiandika msimbo nalipwa, nisipoandika silipwi, na mkono wa kulia ndio jembe langu. Mwaka jana, mwezi wa pili, nilianza kuhisi maumivu upande wa nje wa kiwiko. Mwanzo yalikuja baada ya kurusha. Baadaye yakaja nikishika kipanya. Mwishowe yalikuja nikiinua kikombe cha chai, na hapo nikajua sasa ni maneno mengine. Nilikuwa na kazi ya mteja ya kukabidhi kabla ya Pasaka na nilikuwa naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kama karani wa mwaka 1950.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alinibonyeza hapa na pale, akaniambia niinue kiganja dhidi ya mkono wake, nikaruka kutoka kitini. Akasema ni kile wanachokiita kiwiko cha tenisi. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, nami nawaachia hapa kwa sababu lina faida kwa kila anayekaa mbele ya tarakilishi. Ile misuli iliyoshikizwa upande wa nje wa kiwiko ndiyo inayoinua kifundo cha mkono kwenda juu. Ukikunja vidole kushika kitu kwa nguvu, kifundo kingependa kujikunja kwenda ndani pamoja navyo. Kinachokizuia ni misuli hiyo ya nje. Maana yake ni kwamba kila unaposhika kitu kwa nguvu, hata kama hukiinui, misuli ile inafanya kazi. Na ukiandika au ukishika kipanya huku kifundo kimeinuliwa hewani, ni misuli ile ile tena. Ofisini inachoka polepole saa nane, Jumamosi naipeleka uwanjani naitwanga mirusho themanini.

"Sasa daktari, niache kurusha?" nikamuuliza.

"Wewe niambie kwanza unashikaje hiyo sahani yako," akasema.

Nikamwonyesha kwa sahani ya kweli, ile ya chai iliyokuwa mezani kwake. Akatazama vidole vyangu vilivyogeuka vyeupe kwa kubana, akatikisa kichwa. Alinipa mazoezi: kushika chupa ya maji ya nusu lita kiganja kikitazama chini na kuishusha taratibu sana, mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Wiki sita bila kurusha. Baada ya hapo, akasema, nirudi uwanjani na mshiko unaobana kidogo zaidi.

Kubana kidogo zaidi ni rahisi kusema. Hebu tupige hesabu. Diski ya gramu 175 ikizungushwa na mkono kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde (hiyo ni kilomita 90 kwa saa, mrusho wa mchezaji wa wikendi anayejiweza) kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 60 hivi, inataka kuchomoka kwa nguvu ya uzito wake mara mwendo kipeo cha pili, gawanya kwa nusu kipenyo. 0.175 mara 625 gawanya kwa 0.6. Unapata nyutoni 182. Ni sawa na kubeba uzito wa kilo 18 na nusu. Yaani karibu mtungi wa maji wa lita 20, umeuning'iniza kwenye ncha za vidole vinne na kidole gumba! Kwa bahati nzuri ni kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Na humo ndimo siri yote ilimo: mtungi huo upo kwa sehemu ndogo tu ya mrusho, ile ya mwisho. Wakati unavuta mkono nyuma, diski ina uzito wa gramu 175 tu, sawa na mahindi mabichi nusu. Hakuna sababu ya kuibana kama mwizi wa kuku.

Kipindi cha wiki sita nilikitumia kutafuta namna ya kupima. Mtu wa programu habahatishi, anabadilisha kitu kimoja, anaendesha tena, anatazama tofauti.

Wazo la kwanza lilikuwa kubandika kihisi katikati ya diski. Kwenye droo nilikuwa na ESP32 na ile MPU-6050 ya bei nafuu ambayo kila mpenda elektroniki anayo. Nikasoma karatasi yake ya maelezo: jairoskopu yake inaishia nyuzi 2,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 360, zidisha kwa 60, unapata mizunguko 333 kwa dakika. Diski iliyorushwa vizuri inazunguka mara elfu moja kwa dakika na zaidi. Kihisi kingegonga dari na kukaa hapo hapo kikinidanganya. Unaweza kukwepa kwa kutumia kipimo cha mchapuko badala ya jairoskopu, ukakiweka pembeni kidogo na katikati na kukokotoa mzunguko kutokana na nguvu ya kwenda nje. Lakini kwenye mizunguko 1,200, sentimita moja tu kutoka katikati, unafikia g 16, na hapo ndipo MPU-6050 inapokata tena. Nilicheka peke yangu. Kuna kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hii, kinaitwa TechDisc: diski yenye chipu katikati, inakupa mwendo, mzunguko, pembe ya pua, mwinamo wa diski na jinsi inavyopepesuka. Ni kifaa kizuri sana. Nikifikiria usafiri na ushuru wa forodha, nikaamua kukipenda kutoka mbali.

Basi nikarudi kwenye rununu. Rununu nyingi za siku hizi zinarekodi fremu 240 kwa sekunde. Nilichora mstari mmoja mnene kwa kalamu ya wino mzito, kutoka katikati ya diski hadi ukingoni. Kwenye video unahesabu fremu ngapi zinapita kabla mstari haujarudi ulipokuwa. Mizunguko 1,200 kwa dakika ni 20 kwa sekunde, kwa hiyo fremu 12 kwa mzunguko mmoja. Ukihesabu mizunguko mitatu mfululizo, kosa la fremu moja linakuwa asilimia tatu hivi, na hiyo inatosha kabisa. Kwa mwendo nilisimika fito mbili zilizo mita 5 mbalimbali, sambamba na njia ya diski. Fremu 48 kati ya fito ni kilomita 90 kwa saa. Fremu 54 ni 80. Hakikisha tu diski inapita karibu na mstari wa fito, na kamera iwe mbali. Diski ikipita karibu na kamera kuliko fito, itaonekana ina mwendo kuliko ukweli, na utajisifu bure. Mwanga nao uwe mwingi. Saa nne asubuhi ya jua kali la Nairobi ilitosha, lakini ule mwezi wa saba wenye mawingu ya kijivu ulinipa ukungu mtupu badala ya mstari.

Uwanja ni wa shule ya msingi jirani, Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Kikapu alinitengenezea fundi mmoja wa jua kali pale Kamukunji kutokana na picha niliyomwonyesha kwenye rununu. Aliitazama sana, akaniuliza, "Bosi, hii ni ya kuchoma nyama ama ni ya kufuga kuku?" Nikamwambia ni ya kukamata sahani. Hakuuliza tena. Minyororo ni ya kufungia mbwa, na mlio wake diski ikiingia ni mtamu kuliko ule wa kiwandani.

Sasa mishiko yenyewe. Nazungumzia bekihandi, mrusho wa kuvuka kifua, ndio unaotumiwa zaidi kwa umbali.

Wa kwanza ni mshiko wa upepeo. Kidole gumba juu, kidole cha shahada kimelala kwenye ukingo, vingine vitatu vimetanuliwa chini ya tumbo la diski kama mbavu za upepeo wa makuti. Unakupa uelekeo mzuri na mkono unakaa laini. Ni mzuri kwa mirusho mifupi na kwa kutia kikapuni. Ila ule mtungi wa lita 20 unakuja na vidole vitatu kati ya vinne havijashika kitu.

Wa pili ni mshiko wa nguvu. Vidole vyote vinne vimekunjwa ndani ya ukingo, kidole gumba kimekaa juu, karibu mkabala na cha shahada. Wengi wakiuona wanadhani ni kukunja ngumi tu. Sivyo. Ncha za vidole, pale penye nyama, ndizo zinazoegemea ukuta wa ndani wa ukingo, na upande wa nje wa ukingo unakaa kwenye mkunjo wa kiganja, ule unaotenganisha nyama ya kidole gumba na kiganja kingine. Ukiishika hivyo na kunyoosha mkono, katikati ya diski inafuata mstari wa mkono kuanzia kiwikoni. Ukiisukuma diski ikakaa kwenye vidole tu, mbali na kiganja, inapinda kutoka kwenye mstari huo na pua inaanza kutazama mawingu.

Kati ya hiyo miwili ipo mingine mingi: vidole viwili ndani na viwili chini, vitatu ndani na kimoja chini, na kadhalika. Sitaipitia. Mikono haifanani.

Nilirusha diski ile ile, Leopard, ambayo ukingo wake si mpana sana na ambayo kwenye namba za Innova ina mwendo 6. Mirusho 20 kwa upepeo, 20 kwa nguvu, lakini kwa kupokezana: mmoja wa huu, mmoja wa ule. Ukirusha 20 zote za kwanza halafu 20 za pili, unapima uchovu wako, hupimi mshiko. Skripti fupi ya Python ilinisaidia kukata video vipande vipande; kuhesabu fremu nilihesabu kwa macho, na binti yangu wa miaka 11 alihesabu tena kunikagua (kwa malipo ya chipsi).

Wastani wa upepeo: fremu 57 kati ya fito, fremu 50 kwa mizunguko mitatu. Hiyo ni kilomita 76 kwa saa na mizunguko 864 kwa dakika. Mshiko wa nguvu: fremu 52 na fremu 42, yaani kilomita 83 na mizunguko 1,029. Mwendo umepanda asilimia tisa hivi, lakini mzunguko umepanda karibu asilimia 19! Hapo ndipo nilipoinua macho kutoka kwenye lahajedwali. Mzunguko ndio unaoifanya diski isimame imara hewani, kama pia inayozunguka kwa kasi. Mshiko unapoachia mapema, diski inateleza kutoka vidoleni badala ya kung'olewa, na kinachopotea kwanza ni mzunguko.

Tatizo ni kwamba jioni ile kiwiko kilikumbuka zamani. Mshiko wa nguvu ulikuwa unanipa namba na kunidai riba.

Jibu lilianzia kwa binti yangu. Kiganja chake ni kidogo, diski za ukingo mpana hawezi kuzifunga vidole, kwa hiyo anatumia diski ya kutia kikapuni, ambayo ukingo wake ni wa kama sentimita moja. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nikijikanda mkono, namtazama. Vidole vyake vitatu vya nyuma vilikuwa vinaning'inia tu, havibani chochote. Kinachoshika kilikuwa kidole gumba na cha shahada, kama anayebana ugali. Na diski ilikuwa inatoka bila kupepesuka hata kidogo. Akageuka, akaniona natazama.

"Baba, kwani wewe unaishikaga kama unataka kuinyonga?"

Wale waliosoma shule za bweni Kenya wataelewa mfano huu: slasha. Ukipewa slasha ufyeke nyasi za uwanja kama adhabu, siku ya kwanza unabana mpini kutoka juu hadi chini, na jioni una malengelenge. Kufika siku ya tatu mkono umejifunza wenyewe. Slasha ikiwa juu, vidole vimelegea, mpini unacheza kidogo kiganjani. Inaposhuka, vidole vinafunga bila kuamrishwa, nyasi zinakatika, vinalegea tena. Hakuna aliyekufundisha. Mpini wenyewe ulipotaka kutoka, vidole vikaufuata.

Wapo walimu wa gofu ya diski wanaosema bana kwa nguvu mwanzo hadi mwisho, na wapo wanaosema legeza mpaka dakika ya mwisho. Kwa kiwiko changu kambi ya pili imeshinda, na sababu haiko kwenye maumivu pekee. Vidole vikibanwa sana, kifundo cha mkono nacho kinakazana. Jaribu sasa hivi hapo ulipo: kunja ngumi kwa nguvu zote, kisha tikisa kiganja. Hakitikisiki vizuri. Sasa legeza nusu. Kifundo kinapaswa kufunguka kwa kasi mwishoni ili kuipa diski mzunguko, na kifundo kilichokazana hakifunguki. Hasara nyingine ya kubana mno ni diski kung'ang'ania: inachelewa kutoka, na kwa anayetumia mkono wa kulia inakwenda kulia, moja kwa moja kwa jirani. Ikitoka mapema inakwenda kushoto. Ukiona mirusho yako inatawanyika pande zote mbili, tazama vidole kabla ya kulaumu miguu.

Kwa hiyo ninachofanya sasa ni hiki. Nabana kwa kidole gumba na cha shahada tu, kiasi cha kubana karatasi isianguke. Vile vitatu vingine viko mahali pake ndani ya ukingo, ncha zimegusa ukuta, lakini vimelala. Navuta mkono nyuma, nageuza mabega, na diski inapopita kifuani kwenye upande wa kulia, vidole vinafunga vyenyewe kwa sababu mtungi umefika. Mara chache za kwanza nilirusha chini kabisa, nusu nguvu, kuzoea. Inatisha kidogo, unahisi kama diski itakuponyoka. Haiponyoki.

Kidole gumba kinahitaji maneno mawili ya ziada, kwa sababu hicho ndicho kinachotawala pua. Kikiwa kimelala katikati ya tumbo la diski bila kubonyeza, upande wa mbele unainuka kirahisi. Nimekisogeza nje, karibu na pale ukingo unapoanzia, na nakibonyeza chini. Kifundo nacho nakiinamisha kidogo kuelekea chini, kama mtu anayemimina chai kutoka kwenye birika. Vitu hivyo viwili vinaishusha pua, na pua ikishuka diski inakwenda mbele badala ya kwenda juu. Sina kipimo cha pembe kwenye video yangu, kamera moja ya pembeni haitoshi kwa hilo, lakini uwanja ni ule ule na mti wa mwisho ni ule ule, na sasa naupita.

Vipimo vya mshiko mlegevu, baada ya mwezi: fremu 51 kati ya fito, fremu 40 kwa mizunguko mitatu. Kilomita 85 na mizunguko 1,080. Kwa hiyo sikupoteza kitu kwa kulegeza, nimeongeza kidogo. Tofauti ya fremu moja kwenye mwendo ni ndogo, na singeapa mahakamani kwa hiyo. Tofauti ya mzunguko naiamini. (Kwa kulinganisha, ili tusivimbe vichwa: David Wiggins Mdogo alirusha mita 338 pale Primm, Nevada, mwaka 2016, akisaidiwa na upepo wa jangwani. Mimi nikifika 90 namshukuru Mungu.)

Kitu kimoja kwa mtakaojaribu hapa Nairobi baada ya kutazama video za Wamarekani. Tuko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Diski inapata mwinuko kidogo na inageuka kulia kidogo, kwa hiyo ile ya Minnesota iliyokuwa inakwenda moja kwa moja, hapa inakatika kushoto mapema. Si mshiko wako. Chukua diski laini zaidi, kama hiyo Leopard, na uiache ile Destroyer kwa wenye mabega. Na beba kitambaa. Jasho na vumbi jekundu la uwanjani vikichanganyika kwenye ukingo, mshiko wowote ni wa sabuni.

Kiwiko kimetulia. Ile kazi ya Pasaka niliikabidhi kwa kuchelewa siku nne, mteja akanung'unika, akalipa. Chupa ya maji bado naishusha asubuhi na jioni, na kipanya nimekihamishia mkono wa kushoto, jambo ambalo lilinifanya mjinga kwa wiki mbili na sasa silioni. Narusha mirusho 40 kwa Jumamosi badala ya 80, nikisimama kila baada ya 10 kuvaa miwani na kuhesabu fremu.

Fohandi bado sijaigusa. Ule mrusho unashikwa kwa vidole viwili tu vilivyobanana ndani ya ukingo, kiganja kikitazama juu, na mzigo wake unaangukia upande wa ndani wa kiwiko badala ya ule wa nje. Mtaalamu wangu alinisikiliza nikimweleza hivyo, akaniangalia kwa muda, akasema tumalize kwanza na upande huu.